Hisa Niliyoinunua Kabla ya Kuisoma

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua hisa za kampuni changa kupitia jukwaa la intaneti, na shughuli yote, kuanzia kuitazama video ya mwanzilishi hadi kupokea barua pepe ya kunipongeza kwa kuwa mmoja wa wamiliki, haikuzidi dakika 20. Mwanzilishi alikuwa msemaji hodari, bidhaa ilikuwa ya kweli na watu walikuwa wakiitumia, na ule mstari wa kijani unaoonyesha kiasi kilichokwisha kupatikana ulikuwa umevuka asilimia 80 huku zikiwa zimebaki siku 3 tu. Miaka minne baadaye kampuni ile ilinunuliwa na kampuni kubwa zaidi. Habari ilitangazwa kwa shangwe, waanzilishi wakapigwa picha wakipeana mikono na wakubwa wao wapya, nami nikaketi kusubiri fungu langu. Halikuja.

Sikuibiwa, na ni muhimu niliseme hilo mapema. Kila kilichotendeka kilikuwa kimeandikwa katika katiba ya kampuni, na katiba hiyo niliwekewa mahali pa kuisoma kabla sijalipa hata senti moja. Nilichofanya mimi ni kutia tiki kwenye kisanduku kilichosema kwamba nimesoma na nimeelewa. Nilikuwa nimeichunguza kampuni kwa kadiri ya uwezo wangu, lakini hisa yenyewe, yaani kile hasa nilichokuwa nakinunua, sikuichunguza kabisa. Tangu hapo nimesoma nyaraka nyingi za namna hii, na nimeona kwamba kosa langu ndilo kosa la wengi: tunajadili kama kampuni itafaulu au itaanguka, kana kwamba kufaulu kwake na kufaulu kwetu ni jambo moja.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mwaka 2012 kampuni ya Oculus ilichangisha takriban dola milioni 2.4 kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha kutoka kwa umma, ili itengeneze miwani ya kuonea ulimwengu wa kompyuta. Mwaka 2014 Facebook ikatangaza kuinunua kwa takriban dola bilioni 2. Wachangiaji wengi walikasirika hadharani, ingawa kisheria hawakuwa na la kudai, kwa kuwa walichokuwa wamenunua ni bidhaa na zawadi za shukrani, si sehemu ya kampuni. Mtaji wa hisa kutoka kwa umma ni jambo jingine: mtu anatoa fedha zake, mara nyingi kiasi kidogo, na kwa malipo hayo anapata umiliki. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tulivyofundishwa, ila katika biashara hii lazima uulize pia kibaba kikishajaa ni nani anayeanza kuchota.

Kwa miongo mingi jambo hili lilikuwa karibu haliwezekani. Baada ya soko la hisa la Marekani kuporomoka mwaka 1929, sheria ya mwaka 1933 iliitaka kampuni inayotangaza hisa zake kwa umma iziandikishe serikalini na itoe waraka kamili wa kuzieleza. Kazi hiyo inahitaji mawakili, wakaguzi na fedha ambazo kampuni ya watu watano haina. Matokeo yake, kampuni changa zilibaki kuuza hisa kwa jamaa, kwa matajiri na kwa mifuko ya uwekezaji, na mwananchi wa kawaida akazipata pale tu zilipofika katika soko la hisa, wakati ambapo sehemu kubwa ya ukuaji wake ilikuwa imekwisha kupita. Hoja ya wanaotetea utaratibu mpya ni kwamba ulinzi huo uligeuka kuwa ukuta, na sioni sababu ya kuipinga.

Uingereza ilitangulia. Crowdcube, jukwaa la intaneti la kuuzia hisa za namna hii, ilianza kazi mwaka 2011, jukwaa jingine, Seedrs, likafuata mwaka 2012, na mamlaka ya udhibiti ya nchi hiyo ikatoa kanuni mahususi mwaka 2014. Marekani ilipitisha sheria mwezi wa Aprili 2012, lakini mwananchi wa kawaida hakuruhusiwa kununua chini ya sheria hiyo hadi Mei 16, 2016, baada ya tume ya dhamana, inayosimamia masoko ya hisa, kukamilisha kanuni zake. Hapo mwanzo kampuni iliruhusiwa kukusanya takriban dola milioni 1 kwa miezi 12, na tangu Machi 2021 kikomo ni dola milioni 5. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha euro milioni 5 chini ya kanuni zilizoanza kutumika Novemba 2021. Nigeria ilitoa kanuni zake mwaka 2021, Kenya mwaka 2022.

Ukizisoma kanuni hizi kwa pamoja, utaona kwamba zina shabaha mbili kuu. Ya kwanza ni kupunguza kiasi ambacho mtu mdogo anaweza kupoteza. Mmarekani ambaye kipato chake au mali yake haijafika dola 124,000 haruhusiwi kuweka, kwa miezi 12, zaidi ya dola 2,500 au asilimia 5 ya kipato au mali yake, kwa kufuata kile kilicho kikubwa. Australia haimruhusu mnunuzi wa kawaida kuweka zaidi ya dola 10,000 za nchi hiyo katika kampuni moja kwa mwaka, na humpa siku 5 za kazi ili abadili mawazo akitaka. Ulaya humpa siku 4 za kutafakari. Mwingereza asiye mzoefu hutakiwa kutamka kwamba hataweka zaidi ya asilimia 10 ya mali yake, bila kuhesabu nyumba anayoishi na akiba yake ya uzeeni. Shabaha ya pili ni kuhakikisha kwamba taarifa zinatolewa: hesabu za kampuni, majina ya wanaoiongoza, matumizi ya fedha, na hatari zilizopo. Hakuna hata moja kati ya kanuni hizo inayosema kwamba hisa utakayouziwa lazima iwe sawa na hisa ya mwanzilishi au ya mfuko wa uwekezaji. Mamlaka inahakikisha tu kwamba umeambiwa.

Nami niliambiwa. Tatizo ni kwamba mazingira ya kuambiwa yamepangwa kwa namna inayomfanya mtu asisikie. Karibu kila kampeni huanza faraghani: waanzilishi hukusanya kwanza ahadi za marafiki, wateja wao wa karibu na wawekezaji wachache wakubwa, kisha ukurasa unapofunguliwa kwa umma ule mstari wa kijani huwa tayari umefika mbali, na mgeni anayeingia hudhani kwamba ameukuta umati uliojipanga wenyewe. Mwaka 2016 benki ya Monzo, wakati ule ikiitwa Mondo, ilikusanya pauni milioni 1 kwenye Crowdcube kwa sekunde 96. Kwa kampuni hiyo yalikuwa mafanikio makubwa na ushahidi wa jinsi wateja walivyoipenda, lakini tukubaliane kwamba hakuna aliyeanza kusoma katiba ya kampuni baada ya dirisha kufunguliwa akawahi kununua. Ndiyo maana kanuni za Marekani zinataka ofa ikae wazi kwa siku 21 angalau, na zinamruhusu mnunuzi kujitoa hadi saa 48 kabla ya muda kufungwa. Haki ya namna hiyo niliwahi kuwa nayo. Sikuitumia, kwa sababu baada ya kulipa sikuufungua tena ukurasa ule.

Sasa tuje kwenye hisa yenyewe.

Hisa ni kifurushi cha haki, na kifurushi kinaweza kufungwa na vitu vingi au vichache. Hisa moja inaweza kuwa na kura na nyingine isiwe nayo. Moja inaweza kumpa mwenyewe haki ya kwanza ya kununua hisa mpya zinapotolewa ili fungu lake lisipungue, na nyingine ikamwacha apungue kila mara fedha mpya zinapoingia. Katika kampeni nyingi wanunuzi wadogo hupewa aina isiyo na kura, na wanaozidi kiwango fulani hupewa aina yenye kura. Hilo halinisumbui sana. Kura yangu moja katika maelfu isingebadili kitu. Linalonisumbua ni nafasi katika foleni.

Mfuko wa uwekezaji unapoingia katika kampuni changa, kwa kawaida haununui hisa za kawaida. Hununua hisa za upendeleo, ambazo humpa mwenyewe haki ya kurudishiwa fedha zake kwanza kampuni inapouzwa au kufilisiwa, kabla ya mwenye hisa za kawaida kupata chochote. Umma kwa kawaida huuziwa zile za kawaida. Tufanye hesabu. Tuseme umma umetoa milioni 1 na kupata asilimia 10 ya kampuni, yaani kampuni imekadiriwa kuwa na thamani ya milioni 10. Mwaka unaofuata mfuko unaleta milioni 8 na kupata asilimia 25, kwa hisa za upendeleo. Fungu la umma sasa limeshuka hadi asilimia 7.5, na hakuna anayelalamika, kwa sababu kwa bei hiyo mpya kampuni nzima inahesabiwa kuwa na thamani ya milioni 32, na kwenye skrini kila mmoja anaona hisa zake zimepanda zaidi ya mara mbili. Kisha mambo yanakwenda kombo na kampuni inauzwa kwa milioni 10, ile ile thamani ambayo umma uliingia nayo. Mtu angetarajia umma upate asilimia 7.5 ya milioni 10, yaani 750,000. Lakini mfuko una haki ya kuchagua kati ya asilimia 25 ya bei na kurudishiwa milioni 8 zake, na hakuna mwenye akili timamu atakayechagua milioni 2.5. Unachukua 8, zinabaki 2, na wenye hisa za kawaida wanagawana hizo. Umma, ambao ni sehemu ya kumi ya wenye hisa za kawaida, unapata 200,000 kwa milioni 1 uliyoitoa. Kampuni ingeuzwa kwa milioni 8, habari ingetangazwa vile vile, picha za kupeana mikono zingepigwa vile vile, na umma usingepata kitu.

Huo ni upendeleo wa aina ya upole. Kuna mikataba inayompa mwenye hisa hizo fedha zake kwanza, halafu ikamruhusu ashiriki tena katika mgawo wa kilichobaki. Kuna inayomrudishia mara mbili ya alichoweka. Na kuna ile ya BrewDog, kampuni ya bia ya Scotland, ambayo kuanzia mwaka 2009 iliwauzia hisa wapenzi wa bia yake zaidi ya 100,000 bila kupitia soko la hisa. Mwaka 2017 kampuni ya uwekezaji ya Marekani, TSG Consumer Partners, iliingia kwa takriban asilimia 22, kwa pauni milioni 213, na hisa zake zilipewa haki ya kurudishiwa fedha pamoja na nyongeza ya asilimia 18 kila mwaka, nyongeza inayozaa nyongeza. Chukua kalamu: 100 inakuwa takriban 229 baada ya miaka mitano, na takriban 376 baada ya miaka minane. Hizo zote hutoka mbele ya mpenzi wa bia. Kwa hiyo kampuni inaweza kukua mwaka hadi mwaka, kufungua mabaa katika nchi nyingi na kulipa mishahara, huku kima ambacho lazima bei ya mauzo ikivuke kabla mwenye hisa ya kawaida hajapata senti kikipanda kwa kasi kuliko biashara yenyewe. Waraka ulilieleza jambo hili. Nauliza tu ni wangapi kati ya wanunuzi waliokuja baadaye walioichukua hiyo kalamu.

Jambo la pili lililojificha ni nani hasa ameandikwa katika daftari la wanahisa. Crowdcube ilianza kwa kumwandika kila mnunuzi kwa jina lake. Seedrs tangu mwanzo ilitumia mshika hisa kwa niaba, yaani jukwaa lenyewe linaonekana katika daftari kama mwanahisa mmoja, na wanunuzi mia tano wako nyuma yake. Wengi huchukia utaratibu huu kwa kuwa unawaweka mbali na kampuni. Mimi nimebadili mawazo. Mwekezaji mkubwa akija na kukuta sahihi mia tano zinahitajika ili mkataba upite, ataondoka au atawalazimisha wadogo watoke kwa bei atakayoitaka. Na mshika hisa mmoja mwenye mawakili anaweza kudai haki ya kwanza ya kununua, jambo ambalo mimi peke yangu nisingethubutu hata kulitamka. Cha kuuliza ni kama mkataba wake unamlazimisha kunitetea au unamruhusu tu, na jukwaa likifungwa hisa zangu zitashikwa na nani.

Marekani ina tatizo la ziada, kwamba mara nyingi kinachouzwa si hisa kabisa. Ni ahadi ya hisa za baadaye, mkataba unaofahamika kwa jina la SAFE, uliobuniwa mwaka 2013 na Y Combinator, kampuni ya Marekani inayolea kampuni changa na kuwekeza ndani yake, kwa ajili ya wawekezaji wazoefu. Unatoa fedha leo, na zinageuka kuwa hisa pale tukio fulani litakapotokea, kwa mfano kampuni ikipata awamu nyingine ya mtaji au ikiuzwa. Tukio lisipotokea, hazigeuki. Kampuni yenye faida ya kutosha, isiyohitaji mtaji mpya na isiyotaka kuuzwa, inaweza kuishi maisha marefu yenye heri huku mwenye mkataba akiwa si mwanahisa, si mkopeshaji, na bila tarehe yoyote ya kusubiri. Mwaka 2017 tume ya dhamana ya Marekani ilitoa tahadhari kwa umma kuhusu mikataba hii, ikikumbusha kwamba jina lake, linalomaanisha usalama, lisimpumbaze mtu.

Kuhusu kutoka, yaani kuzigeuza hisa kuwa fedha tena, nitasema machache, kwa kuwa yanajulikana. Gawio usilitegemee. Soko la kuuzia hisa hizi ni dogo mno pale lilipo. Seedrs ilifungua lake mwaka 2017, lakini kuwepo kwa soko si kuwepo kwa mnunuzi. Mifano mizuri ipo: E-Car Club, kampuni ya magari ya kutumia kwa zamu, ilinunuliwa na Europcar, kampuni ya kukodisha magari, mwaka 2015, na walioingia Revolut, kampuni ya huduma za kifedha kwa simu, kupitia Crowdcube mwaka 2016 wamekwisha kuona thamani ya kampuni hiyo ikihesabiwa kwa makumi ya mabilioni ya dola. Mifano mingine ni kama Freetrade, kampuni ya programu ya simu ya kununulia hisa, iliyowahi kuuuzia umma hisa huku kampuni nzima ikikadiriwa kuwa na thamani ya pauni milioni 650, na mwaka 2025 ikakubali kununuliwa na kampuni ya IG kwa pauni milioni 160. Thamani katika kampeni za namna hii hupangwa kwa kiasi kikubwa na anayeuza, na umati hauna mtu wa kukaa naye mezani kubishana.

Sipendi ionekane kwamba waanzilishi ni walaghai. Nimezungumza na wawili watatu, na wote walisimulia uchovu ule ule: miezi ya kutayarisha kampeni, ada ya jukwaa, mamia ya maswali ya watu walioweka kiasi kidogo kabisa, na baada ya hapo mfuko unaokuja na masharti yake ya upendeleo wakati fedha za mishahara zimebaki za wiki sita. Katika hali hiyo mwanzilishi husaini. Yeye pia ana hisa za kawaida, yuko nyuma katika foleni ile ile, ingawa yeye ana mshahara na mara nyingine huahidiwa bahashishi akikubali mauzo, na sisi wengine hatuahidiwi.

Mwezi uliopita nilivutiwa na kampuni nyingine. Nilimwandikia mwanzilishi maswali matatu: nani yuko mbele yangu katika foleni na kwa kiasi gani, hisa hizi zina haki ya kwanza ya kununua au hazina, na ni kura ya nani inayotosha kubadili masharti hayo bila mimi kuulizwa. Jibu lilikuja baada ya siku sita, likiwa na kurasa za katiba alizozitia alama kwa rangi ya njano. Kuna mfuko mmoja mbele, wenye haki ya kurudishiwa alichoweka, bila nyongeza. Haki ya kununua kwanza ipo, kupitia mshika hisa. Masharti yanaweza kubadilishwa kwa kura za asilimia 75, na mimi sina kura. Nilikokotoa bei ya mauzo ambayo chini yake sitapata kitu, nikaiandika pembeni mwa ukurasa, nikaona kwamba si bei ya ajabu kwa biashara ile kuifikia. Kisha nikaweka robo ya kiasi nilichokuwa nimekusudia.